Maisha ya Bwana Carey Francis, Mwalimu wa Maseno, Alliance na Pumwani



Baada ya kusoma hesabu za fedha na taarifa za kamati, yafaa tusome pia habari za mtu. Chama cha msaada kama hiki hukusanya shilingi za wakulima, makarani, walimu na wachuuzi wa Kitale na Bungoma, na sehemu kubwa ya shilingi hizo huishia katika karo za watoto. Basi ni haki ya kila anayetoa fedha yake kuuliza shilingi hiyo inamnunulia mtoto kitu gani. Je, inamnunulia cheti tu, au pia malezi na mwenendo utakaomfaa hata siku ambazo cheti hakitazamwi? Swali hilo lilimshughulisha mtu mmoja kwa muda wa miaka thelathini na minane katika nchi yetu ya Kenya, na alilijibu kwa kazi yake. Jina lake lilikuwa Edward Carey Francis. Hakuwa mzaliwa wa upande wetu wala hakufundisha kwetu, lakini mwenendo wa shule za mabweni tunazozijua Bungoma na Trans Nzoia una alama nyingi za mikono yake, za kusifiwa na za kusahihishwa pia.

Bwana Francis alizaliwa Hampstead, katika mji wa London, tarehe 13 Septemba 1897. Alisoma katika shule ya William Ellis, na tangu utoto alikuwa na vipawa viwili ambavyo si kawaida kukutana katika mtu mmoja: akili kali ya hesabu na mapenzi makubwa ya michezo. Vita Vikuu vya kwanza vilipozuka alikuwa bado kijana wa shule. Alipofikia umri aliingia katika jeshi la mizinga la Uingereza, akapigana Ufaransa, na jina lake likatajwa katika taarifa za jeshi kwa kazi njema. Wengi wa rika lake hawakurudi kutoka vita hivyo. Yeye alirudi, akaingia Chuo cha Trinity katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akasoma hesabu na kushinda kwa daraja la juu kabisa.

Mwaka 1922 alichaguliwa kuwa mmoja wa walimu wa Chuo cha Peterhouse, ambacho ndicho kikongwe kuliko vyote katika Cambridge. Huko alifundisha na kusimamia masomo ya hesabu. Mtu aliyepata kiti kama kile alikuwa amekwisha kupata kila kitu ambacho mtu wa elimu angeweza kukitamani: heshima, nyumba, chakula cha chuo, maktaba kubwa, na nafasi ya kuandika vitabu mpaka uzee wake. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuwa na deni la kukimbia. Lakini mwaka 1928, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, alijiuzulu kazi hiyo, akajiunga na Misheni ya C.M.S., akapanda meli kuja Kenya kuwa mwalimu mkuu wa shule ya wavulana Waafrika huko Maseno.

Maseno ni kituo kidogo juu ya vilima, karibu na Kisumu, mahali ambapo mstari wa Ikweta hupita. Shule ilikuwa imeanzishwa na wamisheni mwaka 1906, na ilikuwa tayari na sifa katika Nyanza nzima. Wavulana wa makabila mbalimbali walikutana huko, Wajaluo na Waluhya wakalala bweni moja na kula chungu kimoja. Huo ulikuwa mji mdogo wa shule, wala hapakuwa na kitu cha kumvuta mtu wa Cambridge isipokuwa watoto wenyewe. Bwana Francis alikaa hapo miaka kumi na miwili.

Jambo la kwanza tunalotaka kulieleza ni mpira, kwa sababu huo ndio uliokuwa mlango wake wa kuingilia katika mioyo ya vijana. Alikuta kandanda inapendwa mno. Mapenzi hayo yalikuwa yameenea Nyanza yote, hata huku kwetu. Wazee wa Kimilili wanajua kwamba Elijah Masinde, kabla jina lake halijajulikana kwa mambo ya Dini ya Msambwa, alikuwa mchezaji hodari aliyepata kuichezea Kenya dhidi ya Uganda. Lakini mchezo wa siku zile, katika viwanja vingi, ulikuwa mchezo wa nguvu za mtu mmoja mmoja. Aliyeupata mpira alitaka kuupiga juu kabisa ili watazamaji washangae, au kukimbia nao peke yake mpaka aangushwe. Mwamuzi akipuliza filimbi, wachezaji wote walimzunguka kubishana naye.

Bwana Francis aliingia uwanjani mwenyewe pamoja na wavulana wake waliocheza miguu mitupu. Aliwafundisha kupeana mpira kwa karibu, kila mmoja akijua mahali pa mwenzake, ili timu ya wadogo iweze kuwashinda watu wenye miili mikubwa. Aliwafundisha kwamba uamuzi wa mwamuzi haupingwi, hata kama ni wa makosa. Mchezaji aliyelalamika au aliyetaka sifa zake mwenyewe aliweza kuondolewa, hata awe hodari namna gani. Kwa fikira zake, kiwanja kilikuwa darasa. Kijana aliyejifunza kumpa mwenzake mpira wakati yeye mwenyewe angeweza kujaribu kufunga alikuwa amejifunza jambo ambalo baadaye lingemsaidia katika ofisi, katika baraza na katika ukoo. Na kijana aliyeweza kushindwa bila kuwatukana walioshinda alikuwa amejifunza jambo gumu zaidi.

Yafaa kufikiri kidogo juu ya jambo hili, kwa maana watu wengi huona michezo ni kupoteza wakati. Mzazi aliyeuza magunia ya mahindi ili apate karo hukasirika akisikia mtoto wake amekwenda kucheza mpira. Bwana Francis hakuona kwamba mchezo na masomo vinagombana. Asubuhi alifundisha hesabu kwa ukali, akitaka jibu sahihi na njia safi ya kulifikia. Jioni alifundisha mpira kwa ukali ule ule, akitaka pasi sahihi na moyo safi. Mwanafunzi aliona kwamba mwalimu ni mmoja na kanuni ni moja.

Jambo la pili ni usimamizi wake. Wako walimu wazuri wa darasani ambao shule ikiwekwa mikononi mwao huharibika. Yeye hakuwa hivyo. Alijua majina ya wavulana wote, alikagua mabweni, akatazama usafi wa sare, akafuatia kazi za mikono kama kufagia, kukata nyasi na kutunza majengo. Shule yake haikuwa mahali ambapo mtoto anajifunza kudharau jembe. Alichukia uzembe, uongo na ubadhirifu, na wale waliofanya kazi chini yake walijua kwamba atauliza habari za kila kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Maseno ilianza masomo ya sekondari, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa Nyanza yote, maana kabla ya hapo kijana aliyetaka kuendelea alilazimika kwenda mbali sana na kwao.

Tena alifanya kazi ambayo iliwafikia hata watoto ambao hawakupata kumwona kwa macho. Aliandika vitabu vya hesabu kwa ajili ya shule za Afrika Mashariki, na kimojawapo kwa Kiswahili, kiitwacho Hesabu za Kikwetu. Jina la kitabu hicho lina maana yake. Mtu aliyewafundisha vijana wa Cambridge hesabu za juu kabisa aliona si aibu kukaa chini na kumtungia mtoto wa shule ya kijijini maswali ya kujumlisha na kutoa, kwa lugha inayofahamika huku. Hiyo ni alama ya mwalimu wa kweli: haupimi ukubwa wake kwa ugumu wa maneno yake.

Mwaka 1940 aliitwa kuongoza Shule ya Alliance, iliyoko Kikuyu, karibu na Nairobi. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1926 na umoja wa misheni za Kiprotestanti, na mwalimu mkuu wa kwanza, Bwana G. A. Grieve, alikuwa ameiongoza tangu mwanzo. Bwana Francis alishika kazi baada yake, akaiendeleza mpaka mwaka 1962. Katika miaka hiyo ishirini na miwili, Alliance ilikuwa ndiyo shule iliyotamaniwa kuliko zote na wavulana Waafrika katika Kenya, na mtihani wa kuingia ulikuwa kama tundu la sindano.

Wazee wa Bungoma na Kitale hawahitaji kuelezwa umbali wake. Kijana wa Bungoma aliyebahatika kuchaguliwa alipanda gari la moshi katika stesheni yake, akapita Eldoret, akavumilia baridi ya Timboroa usiku, akateremka Nakuru na Naivasha, mpaka stesheni ya Kikuyu. Aliyetoka upande wa Kitale alikuja kwa reli ya tawi, iliyofunguliwa mwaka 1926, mwaka ule ule Alliance ilipofunguliwa. Lakini tuseme ukweli: reli ya Kitale haikujengwa kwa ajili ya mtoto wa Mwafrika, bali kwa ajili ya mahindi ya masetla. Katika Trans Nzoia ya siku zile shule nzuri ya mjini Kitale ilikuwa ya watoto wa Kizungu peke yao, na mtoto wa kibarua wa shamba alijifunza, kama alijifunza, katika kibanda cha shule ya shamba kwa miaka michache tu. Kwa watoto wengi wa namna hiyo, Alliance ilikuwa ni jina la kusikia. Sifa za shule chache za namna ile zisitusahaulishe wale maelfu walioachwa nje ya mlango.

Ndani ya mlango maisha yalikuwa magumu lakini ya haki. Wanafunzi walivaa kaptura na shati za khaki, na walitembea miguu mitupu, hata wale ambao baba zao waliweza kuwanunulia viatu. Wote walifanya kazi za mikono. Mtoto wa chifu na mtoto wa maskini walipanga mstari mmoja. Bwana Francis mwenyewe hakuoa, wala hakuwa na watoto wa kuzaa, na saa zake zote zilikuwa za shule. Matokeo ya mitihani ya Cambridge yalikuwa mazuri mwaka baada ya mwaka, na wengi walipata nafasi ya kwenda Makerere. Alikusanya pia walimu wazuri, Wazungu na Waafrika. Mmoja wao alikuwa Bethwell Ogot, aliyefundisha hesabu hapo kabla ya kuwa mwanahistoria mkubwa wa Afrika Mashariki.

Hatuandiki maisha ya malaika, na wazee wetu wasingependa tuandike hivyo. Bwana Francis alikuwa mkali kupita kiasi mara nyingine, na ukali wake uliwaumiza baadhi ya vijana. Kanuni ya miguu mitupu aliiona kuwa ni njia ya kuwazuia wanafunzi wasijitenge na watu wa kwao, lakini vijana wengi waliona kwamba wananyimwa kitu ambacho mwanafunzi wa Kizungu wa rika lao hakunyimwa. Tena hakuwapenda wanasiasa. Aliamini kabisa kwamba akili ya Mwafrika ni sawa na akili ya mtu mwingine yeyote, na alithibitisha jambo hilo kila mwaka kwa mitihani. Lakini alidhani kwamba uhuru unataka watu waliolelewa kwanza kwa muda mrefu, na kwamba waliokuwa wakiudai kwa haraka wanaharibu kazi. Hapo alikosea hesabu yake. Alifundisha vijana kwamba wao ni watu kamili, kisha akashangaa walipotaka kutendewa kama watu kamili mara moja.

Ushahidi wa jambo hilo ulionekana karibu sana nasi. Kutoka Kitale hadi Kapenguria si mbali, na huko Kapenguria, mwishoni mwa mwaka 1952 na mwanzoni mwa mwaka 1953, Mzee Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa kwa kuongoza Mau Mau. Mawakili na waandishi wa magazeti walikuwa wakienda na kurudi kwa njia ya Kitale. Miongoni mwa wale sita waliosimama kizimbani, Achieng Oneko alikuwa amesoma Maseno, na Paul Ngei alikuwa amesoma Alliance. Vijana waliopita katika shule alizoziongoza mwalimu asiyependa siasa walikuwa sasa wafungwa wa siasa. Oginga Odinga naye, aliyesoma Maseno na Alliance na baadaye akawa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya, hakuyakubali mawazo yote ya misheni iliyomlea. Mwalimu hupanda mbegu, lakini hawezi kuuamuru mti uelekee upande gani.

Hata hivyo, katika miaka hiyo hiyo ya Hali ya Hatari, Bwana Francis alionyesha upande mwingine wa tabia yake. Alliance ilikuwa katikati ya nchi ya Wakikuyu, na wanafunzi wengi walikuwa na baba, kaka au wajomba waliokamatwa, waliouawa au waliokuwa msituni. Alipinga Mau Mau waziwazi. Lakini alipinga vilevile ukatili wa askari wa serikali, wala hakunyamaza kwa sababu wenye kosa walikuwa Wazungu wenzake. Aliwatetea wanafunzi wake waliposumbuliwa na askari, na alikataa kumhukumu mtoto kwa matendo ya ndugu zake. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi mashuhuri aliyefariki mwaka 2025, aliingia Alliance mwaka 1955 wakati kaka yake yumo msituni na wapiganaji. Shule ile ilikuwa kwake kimbilio mpaka alipomaliza mwaka 1958. Baadaye Ngũgĩ aliandika juu ya shule hiyo kwa macho makali, akikosoa mengi, lakini hakuficha kwamba alisalimika ndani ya ua wake. Mtu anayetaka kupima haki ya mwalimu na atazame jinsi anavyomtendea mtoto ambaye jina la ukoo wake lina hatari.

Katika miaka ile ile ya 1950, Alliance ilianza kukutana kwa michezo na shule za wavulana wa Kizungu, kama ile ya Prince of Wales mjini Nairobi. Leo jambo hilo laweza kuonekana dogo. Siku zile watoto wa nchi moja waliishi kama watu wa sayari mbalimbali. Mvulana wa Kizungu aliwajua Waafrika kama watumishi, na mvulana wa Kiafrika aliwajua Wazungu kama mabwana. Uwanjani kuna mpira mmoja, sheria moja na mwamuzi mmoja. Mwaka 1963 ulipofika, vijana wa Alliance walikuwa wamekwisha kujua kwamba mtu aliyeonekana mkubwa barabarani aweza kuzidiwa mbio kiwanjani, na baada ya mchezo mkaweza kupeana mkono bila chuki.

Basi ukafika wakati wa mavuno. Serikali ya Madaraka ilipoundwa mwaka 1963, mawaziri wengi na wakuu wengi wa ofisi za serikali walikuwa watu waliopita Maseno au Alliance. Julius Kiano, Njoroge Mungai, Lawrence Sagini na wengineo walitoka humo. Joseph Otiende, mwana wa Magharibi, aliyekuwa Waziri wa kwanza wa Elimu katika serikali ya Madaraka, alikuwa naye amepita katika shule hizo. Hakuna mtu mwingine asiye mwanasiasa ambaye alikuwa amewalea viongozi wengi namna ile. Laiti Bwana Francis angetaka cheo, au shamba, au kiti cha heshima katika halmashauri fulani, angekuwa na watu wengi wa kumpa.

Hapa ndipo tunapofika katika jambo lililotufanya tuandike maisha haya. Mwaka 1962 Bwana Francis alitimiza umri wa miaka sitini na mitano, akaacha uongozi wa Alliance. Watu wa rika lake walikuwa wakifunga masanduku na kurudi Uingereza kupumzika. Wengine walikuwa wakikimbia kwa sababu waliogopa serikali ya Waafrika. Yeye hakurudi. Alikwenda Nairobi, upande wa Eastlands, katika Shule ya Sekondari ya Pumwani, mahali pa watu maskini wa mji, akaomba kazi ya kufundisha. Hakwenda kuwa mwalimu mkuu. Alikwenda kuwa mwalimu wa kawaida, chini ya mwalimu mkuu mwingine, akashika chaki na kufundisha hesabu watoto ambao hawakuchaguliwa na Alliance.

Wazee wanajua jinsi ilivyo vigumu kushuka. Mtu aliyekuwa mwenyekiti hupenda kufa akiwa mwenyekiti. Tumeona vyama vikivunjika, makanisa yakigawanyika na shule zikifungwa kwa sababu mtu mmoja alishindwa kuketi katika kiti cha nyuma. Msemo wetu husema cheo ni dhamana, lakini wengi hukishika kama urithi. Bwana Francis aliacha kiti mara mbili: kwanza kile cha Cambridge, kwa ajili ya watoto wa Maseno, pili kile cha Alliance, kwa ajili ya watoto wa Pumwani. Kila mara aliteremka, na kila mara alisogea karibu zaidi na watoto wasiokuwa na mtu. Yawezekana pia kwamba katika Pumwani alilijibu, bila maneno, lile lawama la kwamba alitumia nguvu zake kwa wateule wachache. Wale walioachwa nje ya mlango, mwishowe aliwafuata walipokuwa.

Alifanya kazi hiyo mpaka mwisho. Alifariki Nairobi tarehe 27 Julai 1966, akikaribia miaka sitini na tisa, akiwa bado mwalimu. Hakurudishwa kuzikwa kwao. Alizikwa Alliance, karibu na kanisa la shule, na wakubwa wa serikali waliokuwa wanafunzi wake walikuja kumsindikiza. Miongoni mwa waombolezaji walikuwamo watu ambao siku zile walikuwa wamekwisha kugawanyika vikali katika siasa. Lakini wote walikuwa wamewahi kupanga mstari mmoja asubuhi, miguu mitupu, mbele ya mtu yule yule.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1957 Shule ya Friends Kamusinga ilianza kazi katika wilaya ya Bungoma, na tangu hapo kijana wa upande wetu hakulazimika tena kupanda gari la moshi ili apate sekondari ya kweli. Leo Kamusinga inajulikana Afrika Mashariki nzima kwa mpira wa magongo, na St. Anthony's ya Kitale imejipatia jina kubwa kwa kandanda na magongo. Wazazi hushangilia vikombe vinapoletwa, na ni haki yao kushangilia. Lakini nyuma ya kila kikombe yupo mwalimu aliyebaki uwanjani jioni wakati wenzake wamekwenda nyumbani, aliyenunua nyuzi za viatu kwa fedha yake, aliyejua ni mvulana yupi hakula mchana. Mara nyingi hatujui jina lake. Katika mikutano yetu tunahesabu madarasa, madawati na mabati, na mambo hayo ni ya lazima. Ila bati halimlei mtoto.

Kwa hiyo mafundisho tunayoweza kuyachukua ni machache na yanafahamika. Kwanza, tunapochagua shule ya kupeleka fedha za chama, tusitazame orodha ya mitihani peke yake. Tuulize pia ni nani anayekaa na watoto baada ya kengele ya mwisho. Pili, mwalimu wa michezo asihesabiwe kuwa mtu wa upuuzi, maana huenda yeye ndiye anayewafundisha watoto wetu kushindwa bila kupigana na kushinda bila kiburi, mambo ambayo nchi yetu inayahitaji kila baada ya uchaguzi. Tatu, mtoto wa kibarua asisahauliwe katika kutafuta wateule. Katika mashamba ya Trans Nzoia bado wako watoto wenye akili ambao hawana wa kuwasemea, na chama cha msaada kiliundwa kwa ajili ya watu kama hao. Nne, tukipewa kiti tukitumikie, na saa ya kukiacha ikifika tukiache, tukatafute kazi nyingine ya chini yake ambayo inangoja mtu.

Kauli ya Shule ya Alliance ilihusu kuwa na nguvu za kutumikia. Watu wengi hupenda nguvu na kusahau utumishi. Bwana Carey Francis, pamoja na makosa yake yote, hakuvitenganisha viwili hivyo, tangu kiwanja cha Maseno mpaka ubao wa Pumwani. Kamati inawaomba wanachama wayasome maisha haya pamoja na vijana wao majumbani, na katika mkutano mkuu ujao kila tawi lilete jina la mwalimu mmoja wa shule ya jirani, akiwa hai, ambaye amefanya kazi ya namna hii bila kusifiwa. Tumshukuru akiwa bado anaweza kusikia.